Kampuni ya mkate inapokwenda ng'ambo, mkate wenyewe hubaki nyumbani

Je, tununue hisa za kampuni ya mkate inayokwenda ng'ambo? Swali hili limezagaa Malindi. Nimelisikia kwenye vikao vya chama cha akiba Maweni, nimelisikia Barani, na wiki haipiti bila mtu kunitumia kwenye simu ule ujumbe mrefu usiojulikana ulianzia wapi: kampuni ya mkate inafungua viwanda nchi za nje, hisa zake zitapaa, anayeingia sasa ndiye atakayevuna. Watu kuuliza ni kuzuri. Kinachonikosesha raha ni kwamba pesa zinazotajwa ni za karo na za kununulia injini ya mashua, na wanaozitaja hawajaelezwa jambo la kwanza kuhusu biashara hii: mkate ni bidhaa isiyopenda safari.

Tuanze na maneno yenyewe. Hisa ni fungu la umiliki. Ukinunua hisa za kampuni, umekuwa mmoja wa wenyewe kwa kadiri ya fungu lako, na hasara ikija nayo ni yako kwa kadiri hiyo hiyo. Gawio ni sehemu ya faida ambayo kampuni huamua kuwagawia wenye hisa, na hailazimiki kugawa kila mwaka. Mauzo ni pesa zote zilizoingia kwa kuuza mikate. Faida ni kile kilichobaki baada ya kulipa unga, sukari, hamira, mafuta ya magari, mishahara, riba ya mkopo na kodi. Haya mawili ya mwisho ndiyo yanayochanganywa zaidi. Mtu husoma kwamba mauzo ya kampuni yamepanda, akadhani faida nayo imepanda. Kwenye mkate, mauzo yanaweza kupanda mwaka mzima huku faida ikishuka, na nitaonyesha kwa hesabu hapa chini.

Mkate ninaouzungumzia ni ule wa kiwandani, wa slaisi, unaofungwa kwenye plastiki. Mkate wa mofa wa Amu (mji wa Lamu), wa sinia na mahamri ni habari nyingine, ingawa navyo vinaingia kwenye hesabu kwa sababu ndivyo wapinzani wake.

Sasa mchukue mama anayekaanga mahamri Maweni, na yanaisha kabla ya saa mbili asubuhi. Mpwa wake aliyeko Garsen anampigia: "Shangazi, huku hakuna mahamri ya maana, njoo tufanye biashara." Mama huyu ana njia nne. Anaweza kukaanga Maweni na kuyapakia kwenye basi la alfajiri. Yatafika yamepoa na kukakamaa, na yasiponunuliwa yamekufa huko huko. Anaweza kumfundisha mpwa kipimo cha tui na iliki, amruhusu atumie jina lake, na kila mwisho wa wiki apokee kitu kidogo. Anaweza kununua karai la pili, akodi kibanda Garsen na kuajiri mtu. Au anaweza kumwendea mama ambaye tayari anakaanga Garsen na ana wateja wake, akanunua kibanda, karai na wateja kwa pamoja.

Kampuni ya mkate inapotangaza kwamba inakwenda ng'ambo, iko kwenye mojawapo ya njia hizo: kusafirisha mikate, kukodisha jina, kujenga kiwanda au kununua kiwanda cha mwingine. Mara nyingi ni mbili za mwisho, kwa sababu mkate ni mwepesi, unajaza lori kwa upepo mtupu, bei yake ni ndogo, na siku zake za kukaa rafuni zinahesabika kwa vidole. Kwa hiyo kinachovuka mpaka ni pesa, jina na ujuzi wa kuoka. Tanuri linajengwa kule, unga unanunuliwa kule, mkate unaliwa kule. Anayetiwa hamu na habari za "mkate wetu kuliwa Addis" anapaswa kwanza kuuliza ni njia ipi, kwa kuwa hatari zake hazifanani hata kidogo. Anayekodisha jina hatii pesa nyingi na hapati nyingi. Anayejenga hulipa leo na kungoja miaka. Anayenunua hupata wateja siku ya kwanza, ila hupata pia madeni na mizozo aliyoyakuta.

Umbali unavyoula mkate tunauona hapa hapa bila kuvuka mpaka wowote. Gari la mkate likitoka Mombasa kwenda Lamu hupita Malindi, likavuka Sabaki, likavuka Tana, likapita Witu hadi Mokowe. Pale kreti hupakuliwa na kupakiwa mashuani hadi Amu, kisha zinabebwa tena hadi madukani, kwa sababu ndani ya mji huo wa vichochoro lori halina pa kupita. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoufurisha Mto Tana na maji kuikata barabara pale Gamba, magari yalikwama pande zote mbili. Mwaka 2024 mafuriko yakarudi. Saruji ikichelewa siku nne bado ni saruji. Mkate ukichelewa siku nne umeota ukungu.

Hapo ndipo inapoingia hesabu ya mikate inayorudi. Katika biashara hii kiwanda mara nyingi ndicho kinachobeba hasara ya mkate uliolala: gari linaleta mipya na kuondoka na ile isiyouzika. Tuseme, kwa mfano tu, mkate mmoja unakigharimu kiwanda shilingi 50 hadi kumfikia mwenye duka, na anauziwa kwa 55. Faida ni shilingi tano. Kiwanda kikipeleka mikate 100 na yote ikauzwa, faida ni shilingi 500. Ikirudi mitano, mauzo ni shilingi 5,225 na gharama ni ile ile 5,000; faida imekuwa 225. Ikirudi minane, faida ni 60. Ikirudi kumi, kiwanda kimepata hasara ya shilingi 50, ingawa mikate 90 kati ya 100 imeuzwa na mtu aliyesimama dukani angeapa kwamba biashara inakwenda vizuri.

Hesabu hiyo ndiyo moyo wa jambo zima. Mikate mitano tu katika mia ndiyo tofauti kati ya faida ya 225 na hasara ya 50. Kampuni inapoingia nchi mpya haijui bado duka lipi huuza mikate mingapi siku ya Jumatatu na mingapi siku ya Ijumaa, Ramadhani inapunguza nini asubuhi na kuongeza nini jioni, shule zikifungwa nini kinatokea. Nyumbani ilijifunza hayo kwa miaka mingi. Kule inaanza upya, na ada ya kujifunza inalipwa kwa mikate inayorudi. Ndiyo maana mauzo ya nchi mpya yanaweza kupanda kwa kasi huku yakiila faida ya nyumbani.

Mama mmoja wa chama aliniambia, "Mwanangu, mkate si huliwa kila siku? Hasara itatoka wapi?" Swali lake lina ukweli ndani yake, na nisingependa kulipuuza. Ni kweli kwamba watu hawaachi kula mkate hali ikiwa ngumu kama wanavyoacha kununua viatu. Lakini chakula cha kila siku kina tabia nyingine: kila mtu anajua bei yake, kila serikali inaitazama, na anayeipandisha huonekana mara moja. Mwaka 2024 sisi wenyewe tuliona. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza kodi ya VAT ya asilimia 16 kwenye mkate wa kawaida. Nchi ikachemka, pendekezo la mkate likaondolewa katikati ya Juni, na baada ya maandamano ya tarehe 25 muswada wote ukakataliwa. Sudan, bei ya mkate ilipopanda kutoka pauni moja hadi tatu Desemba 2018, maandamano yaliyoanzia miji kama Atbara yaliendelea hadi Omar al-Bashir akaondolewa madarakani Aprili 2019. Misri iliacha mkate wa ruzuku kwa senti tano za pauni kwa zaidi ya miaka 30, ikathubutu kuupandisha hadi 20 Juni 2024.

Kwa mwekezaji maana yake ni hii: kampuni ya mkate inaweza kukosa nafasi ya kupandisha bei wakati gharama zake zinapanda. Na gharama kubwa ni ngano, ambayo haitokani na hapa. Narok, Nakuru na Uasin Gishu wanalima, lakini haitoshi. Sehemu kubwa ya ngano ya Kenya huingia kwa meli, ikilipiwa kwa dola. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, nchi mbili zilizokuwa zikituuzia ngano nyingi ziliingia vitani, na mkate wa gramu 400 tuliozoea kuununua kwa shilingi 50 na kitu ukapita 60. Kampuni iliyokuwa katika nchi tano iliumizwa katika zote tano kwa wakati mmoja. Wanaosema kwamba kwenda nchi nyingi ni kugawanya hatari wasisahau kwamba tanuri zote hizo zinategemea ngano ile ile.

Haya, tuwaangalie waliokwishakwenda.

Kampuni kubwa zaidi ya mkate duniani ni Grupo Bimbo ya Mexico. Ilianzishwa jijini Mexico mwaka 1945, ikaingia soko la hisa la nchi yake mwaka 1980, na leo inaoka katika zaidi ya nchi 30, Morocco ikiwa mojawapo. Jambo linalonipendeza kuhusu Bimbo ni kwamba ilikua katika nchi inayokula tortilla asubuhi, mchana na jioni. Wanaodai kwamba mkate wa slaisi hauwezi kushika mahali penye chakula cha asili chenye nguvu, iwe injera ya Waethiopia au chapati ya Waganda, wajibiwe na mfano huo. Lakini wautazame na muda. Bimbo ilikuwa imeoka kwa zaidi ya miaka 50, mingi yake nyumbani tu, kabla ya kununua Mrs Baird's ya Texas mwaka 1998. Kisha ikanunua biashara ya mkate ya Weston huko Marekani mwaka 2009, ya Sara Lee mwaka 2011, na Canada Bread mwaka 2014. Sasa Marekani Kaskazini ni soko lake kubwa mno, hata hivyo kila peso ya mauzo ya Mexico imekuwa ikiacha faida nono kuliko peso ya mauzo ya Marekani. Kule mishahara ni ghali, washindani ni wengi, na maduka makubwa yana nguvu ya kubana bei. Ukubwa umekuja, unono wa faida umebaki nyumbani.

Kununua kampuni ya mwingine ni kununua na yaliyopita yake. Juni 2023, Canada Bread ilikiri mahakamani makosa ya kupanga bei ya mkate na mshindani, ikatozwa faini ya dola milioni 50 za Kanada. Makosa yenyewe yalifanyika kabla Bimbo haijaimiliki. Ndivyo mama wetu wa Maweni anavyoweza kumnunua mwenzake wa Garsen, kisha mwezi wa tatu akaja mwenye duka na daftari la unga uliokopwa tangu mwaka jana.

Mfano wa pili unauma, na ni wa Afrika. Tiger Brands ya Afrika Kusini, wenye mkate wa Albany, waliamua kuingia Nigeria. Mwaka 2012 walinunua asilimia 63 hivi ya Dangote Flour Mills, kampuni ya kusaga ngano, kwa takriban randi bilioni 1.5. Kwa maneno ilikuwa habari tamu: nchi yenye watu wengi kuliko zote Afrika, miji inakua, watu wanakula mkate na tambi. Kumbe viwanda vya kusaga unga vilikuwa vingi kuliko unga uliohitajika, washindani walikuwa wameshika soko, na naira ikaanza kudhoofika huku ngano ikilipiwa kwa dola. Desemba 2015 waliirudisha kampuni kwa kundi la Dangote, wenyewe wa awali, kwa bei ya dola moja. Dola moja tu. Mwaka 2019, kampuni hiyo hiyo ikanunuliwa na Olam, kampuni ya vyakula ya Singapore, kwa thamani ya naira bilioni 120.

Mfano huu ningeomba kila chama kiujadili polepole. Nigeria ilikuwa soko la kweli, na kiwanda kilikuwa cha kweli, kwa sababu mwingine alikuja kukilipia fedha nyingi baadaye. Lililoharibika ni bei iliyolipwa mwanzoni, wakati wa kuingia, na uwezo wa kuvumilia hasara hadi hali igeuke. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba nchi inayokwenda kampuni ina watu milioni mia, amekuambia jambo moja tu, tena lililo jepesi kulijua. Muulize imelipa kiasi gani kuingia, kwa pesa za nani.

Pesa za nani ni suala la deni. Kiwanda cha mkate ni chuma kingi: mashine za kukandia, tanuri refu, vipozeo, vikatio, na baadaye magari kwa makumi. Kampuni ina njia tatu za kulipia. Inatumia faida iliyoweka, inakopa, au inawaomba wenye hisa waongeze. Ikikopa kwa dola na kuuza mikate kwa birr ya Ethiopia au naira ya Nigeria, imejiweka katikati ya mawe mawili, kwa sababu deni halishuki pale sarafu ya nchi inaposhuka. Bimbo yenyewe, pamoja na ukubwa wake, mwaka 2022 iliuza kitengo chake cha peremende cha Ricolino kwa kampuni ya Mondelez na kutumia fedha hizo zaidi kupunguza madeni na kurudi kwenye kuoka. Kampuni inayoweza kuuza kitu cha thamani ili ipumue ina nafuu. Isiyo na kitu cha kuuza huwageukia wenye hisa.

Na sisi Wakenya tuliona hilo kwenye Uchumi Supermarkets. Mwishoni mwa 2014 iliwaomba wenye hisa wake waongeze fedha, nao wakatoa kwa wingi. Oktoba 2015 ikafunga matawi yote ya Uganda na Tanzania kwa sababu yalikuwa yakimeza pesa. Ile haikuwa kampuni ya mkate, lakini ugonjwa ni ule ule: matawi ya ng'ambo yalihesabiwa kuwa ushindi siku ya kufunguliwa, kabla hayajaleta faida yoyote nyumbani.

Suala la sarafu watu hulipita haraka, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Faida ikipatikana Ethiopia, imepatikana kwa birr. Ili ikufikie wewe Malindi kama gawio, lazima ibadilishwe, na lazima nchi ile iwe na dola za kubadilishia. Safaricom na wenzake walilipa dola milioni 850 kwa leseni ya huduma za simu Ethiopia mwaka 2021 na kuanza kazi Oktoba 2022. Mwisho wa Julai 2024 Ethiopia iliiachia birr itafute bei yake sokoni. Ilikuwa kama 57 kwa dola. Wiki chache baadaye ilikuwa imevuka 100, na faida ya kundi la Safaricom ya nusu mwaka ule ikashuka. Sasa fikiria kiwanda cha mkate kilichopata faida ya birr milioni 57. Kabla ya mabadiliko hiyo ni dola milioni moja. Birr ikiwa 110, faida ile ile ya mikate ile ile inakuwa dola 520,000 hivi. Hakuna mwokaji aliyezembea.

Upande wetu nao hubadilika. Januari 2024 dola moja ilikuwa kama shilingi 160. Kufikia nusu ya pili ya mwaka ilikuwa karibu 129. Tulifurahi, na tulikuwa na haki, lakini aliyengoja gawio lake kutoka nje alipokea shilingi pungufu kwa kila dola. Kuna nchi ambazo faida ipo vitabuni na haiwezi kutoka kabisa. Mwaka 2022 Emirates ilisimamisha safari zake za Nigeria kwa sababu fedha za tiketi ilizouza zilikwama huko kwa uhaba wa dola. Kama shirika la ndege la ukubwa ule lilikwama, kiwanda cha mkate kitapewa dola lini?

Kuhusu mipaka ya karibu, usidhani kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imefungua milango yote. Mwaka 2018 Tanzania na Uganda zilizitoza peremende na bidhaa nyingine tamu za Kenya ushuru wa asilimia 25, zikisema sukari iliyotumika iliingia Kenya bila ushuru. Ngano nayo ina historia ya aina hiyo, maana wasagaji wetu hupewa punguzo la ushuru wanapoileta, na punguzo hilo linaweza kuwa hoja mpakani. Hii ni sababu nyingine ya kampuni kujenga kiwanda upande wa pili badala ya kupeleka mikate.

Basi matarajio ni yapi? Nitasema ninavyoona. Mkate wa kiwandani una nafasi ya kukua katika miji yetu ya Afrika Mashariki, kwa sababu watu wanahamia mijini, asubuhi ni za haraka, na mkate haupikwi wala hauhitaji mkaa. Hata Amu, penye mafundi wa mofa, slaisi zipo kila duka. Lakini ni ukuaji wa polepole wenye faida nyembamba, na unampendelea aliye na magari na ratiba kuliko mwenye tangazo zuri. Ningeiamini zaidi kampuni inayoingia mji mmoja, ikajaza mitaa yake kwanza, kuliko inayotangaza nchi nne kwa mwaka. Ningeiamini zaidi inayonunua unga kutoka kwa msagaji aliye karibu, inayokopa kwa sarafu inayouzia, na inayotumia wenyeji wanaojua ladha, maana kuna mahali watu wanataka mkate mtamu na mahali wanautema. Inayolipa gawio kubwa huku deni likiongezeka kila mwaka nisingetia pesa za chama humo.

Ukiishika ripoti yake ya mwaka, usiangukie picha za ufunguzi. Tafuta pale mauzo na faida vilipogawanywa kwa nchi au kwa kanda. Kampuni inayochanganya zote ikakupa jumla tu inakunyima unachokihitaji. Tazama faida ya nchi mpya mwaka baada ya mwaka: hasara ya mwanzo ni ya kawaida, ila inapaswa kupungua. Tazama riba iliyolipwa ukilinganisha na faida kabla ya riba. Tazama hasara ya kubadilisha fedha. Na soma maelezo ya madeni hadi uone ni ya sarafu gani na yanadaiwa lini. Ukishindwa, mtafute mwalimu wa biashara wa sekondari iliyo karibu nawe. Mambo haya hayahitaji profesa.

Kisha kuna lile la wapi hisa zenyewe zinanunuliwa, na hapa ujumbe wa simu huwapotosha watu vibaya. Mikate mingi tunayoinunua madukani Malindi na Lamu inatoka kwa kampuni za watu binafsi, ambazo hisa zake haziuzwi kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Soko hilo lina Unga Group, lakini hiyo kazi yake kubwa ni kusaga. Kampuni za mkate zenye hisa za hadharani zipo mbali: Bimbo iko Mexico, Tiger Brands na Premier ziko Johannesburg. Kuzinunua kunahitaji dalali anayefika huko, na kunakuongezea hatari ya peso au randi juu ya zile nilizotaja. Kwa hisa za Nairobi, unafungua akaunti ya CDS, yaani ya kutunzia hisa kielektroniki, kupitia dalali mwenye leseni, na tangu 2025 unaweza kununua hata hisa moja, kwa hiyo anayekuambia lazima uanze na laki ana sababu zake. Gawio la mkaazi hukatwa kodi ya asilimia tano kabla halijakufikia.

Wala bei ndogo ya hisa haina maana kwamba hisa ni rahisi. Mwaka 2008 wengi wetu pwani tulipanga foleni za hisa za Safaricom kwa shilingi tano, na baadaye zikashuka chini ya tano kwa muda kabla hazijapanda. Waliokuwa wamekopa ili kununua waliuza kwa hasara. Waliotia pesa wasizozihitaji walingoja. Pesa za karo ya Januari haziwezi kungoja kiwanda kilichojengwa Juni.

Kuhusu wanaokuja kwenye vikao wakisema kampuni binafsi ya mkate inawauzia wananchi hisa ili ifungue tawi nje, sheria iko wazi. Kwa mujibu wa Sheria ya Kampuni ya 2015, kampuni binafsi haiwezi kuwa na wanachama zaidi ya 50, wala hairuhusiwi kuualika umma kununua hisa zake. Inayotaka kuuuzia umma lazima iwe kampuni ya umma na itoe waraka wa matarajio ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, wenye hesabu zake, madeni yake na hatari zake. Waraka huo hutolewa hadharani, na Mamlaka huorodhesha madalali wenye leseni kwenye tovuti yake. Anayewaomba mtume pesa kwenye namba ya simu aombwe kwanza waraka huo, na jina lake litafutwe kwenye orodha hiyo mbele ya wanachama wote, kabla kikao hakijavunjika.